Fomu za Tano Tupu

Jumatano, 4 Machi

Kwa Katibu wa Kamati ya Ukumbi,

Ofisi ya Ushirikiano ya chuo imenithibitishia jana mchana kwamba fomu zenu mia moja na kumi na mbili, za wagonjwa, jamaa na majirani, zimefika zote, na kwamba ndani yake hakuna hata jibu moja lililo chini ya tano. Karani aliyezihesabu alinipigia simu mwenyewe. Alisema, "Mzee, nimezirudia mara mbili nikidhani macho yamechoka."

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupima ushirikiano wenu na chuo. Ni miaka mitano sasa wanafunzi wa tiba ya viungo wanakuja kila Jumatano kuwafanyisha mazoezi watu waliopigwa na kiharusi na walioumia kazini. Nimeulizwa kama mpango huu unawafaa watu, na unamfaa nani zaidi. Kamati ya chuo itakaa mwezi Juni na kuamua kama gari litaendelea kuja.

Maswali yalikuwa kumi na manane. Moja ni mbaya sana, tano ni nzuri sana. Swali la sita linauliza kama wanafunzi hufika kwa wakati. Mmejibu tano. Daftari la dereva linaonyesha kuwa mwaka jana walichelewa wakafika baada ya saa sita mara kumi na saba. Swali la saba linauliza kama huja kila wiki bila kukosa. Mmejibu tano hapo pia, na mwezi Novemba gari lilikuwa gereji wiki tatu.

Kwenye nafasi ya maoni kila mmoja ameandika: "Tunashukuru sana, hatuna la kuongeza." Mmoja tu aliandika "hatuna la kuongeza wala kupunguza", nikafurahi kumwona mtu aliyejinyoosha kidogo.

Siwatuhumu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na nimeshaona fomu za kila namna. Naomba tu kujua: kabla ya kujaza, mliitana mkazungumza? Jibu mpe dereva wa gari la wanafunzi, ataniletea.

Mtathmini

*

Jumatano, 11 Machi

Ndugu Mtathmini,

Salamu. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye cherehani, suruali ya mtu ikanisubiri. Mimi ni fundi wa nguo, hapa wananiita Mama Pindo, kwa hiyo usihangaike na hilo la "Kwa Katibu".

Unauliza kama tuliitana. Sisi ni majirani, tunaitana kila siku. Kuhusu kuchelewa, gari linapita njia mbovu, na mtu anayekuja kukusaidia humsimamii na saa mkononi. Kuhusu Novemba, gari lililoharibika si kosa la wanafunzi. Watu walijibu walivyoona.

Mume wangu ndiye Fundi Saa. Alikuwa na meza yake kando ya soko, akitengeneza saa za mkononi, kazi ya kushika skrubu isiyozidi chembe ya mchele. Mwaka wa sita huu tangu alipopigwa na kiharusi upande wa kulia. Daktari wa hospitali alisema hatasimama. Sasa anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi ukumbini kwa fimbo. Hatua mia mbili na arobaini, anazihesabu yeye. Wanafunzi ndio waliomsimamisha. Nikiulizwa alama ngapi, unataka niandike nini?

Anakusalimu. Amekupa jina, anakuita Bwana Tano.

Mama Pindo, Katibu

*

Jumatano, 18 Machi

Dada Katibu,

Mwambie Fundi Saa nimeshaitwa mabaya zaidi, tena na watu wenye shahada.

Nitakuja ukumbini Jumatano ijayo na gari hilohilo. Sitabeba fomu. Nitakaa kwenye benchi la nyuma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nitaongea na atakayetaka kuongea.

Kuna jambo siruhusiwi kukueleza, na nisingependa uliulize. Nitasema hivi tu: mtu asidhani tano nyingi ni salama. Waambie wenzako wakinijibu, wajibu kama wanavyoongea wakiwa nyumbani kwao.

Mtathmini

*

Jumatano, 1 Aprili

Bwana Mtathmini,

Nilikukaribisha kama mgeni. Nikatoka dakika kumi kwenda kuazima viti, nikarudi nikakuta umemweka mume wangu pembeni unamhoji. Ungeningoja.

Ameniambia yote usiku wa siku ileile, maana hana siri na anapenda kucheka. Ulimuuliza amepimwa mara ngapi. Akakwambia mara kumi na moja. Ukauliza, kumi na moja vipi? Akakwambia kila muhula wanakuja wanafunzi wapya, na kila mpya anaanza naye mwanzo: jina lako nani, fumba ngumi, fumbua, inua bega, siku gani leo. "Siku gani leo" ameulizwa na watoto wa watu kumi na mmoja, na safari ya mwisho akajibu, "Jumatano, kama ilivyokuwa mlipoondoka." Wakaandika kwamba kumbukumbu yake ina mashaka.

Ukacheka naye. Halafu ukaandika kwenye kijitabu chako. Nilikuona.

Basi sikiliza. Ulisema tano nyingi si salama, na nimekuelewa. Unataka tulalamike ili mpate sababu. Sisi si wajinga. Miaka mitatu iliyopita walikuwa na ukumbi kama wetu huko ng'ambo ya reli. Ikaitishwa tathmini. Mama mmoja pale, mfua nguo, akasimama mbele ya wageni akasema wanafunzi wanasinzia na wanamvuta mtu mkono kama wanavuta ndoo kisimani. Haukupita muhula, gari likakoma. Kuna mzee pale alikuwa anatembea, leo amelala.

Kwa hiyo ndiyo, tuliitana. Niliwaita mimi. Tulikaa Jumapili mbili hapo ukumbini, nikawasomea swali moja moja, na kila swali nikawauliza, "Tunajibu nini?" Wakaitikia, "Tano!" Wasiojua kuandika niliwashika mkono. Ile sentensi ya shukrani ni yangu. Sioni aibu. Mtu akiwa anavuka mto juu ya ubao mmoja, huulizi kama ubao umepigwa randa.

Ukitaka kuandika kwamba Mama Pindo amewadanganya, andika. Lakini usitunyang'anye Jumatano.

Katibu

*

Jumatano, 22 Aprili

Dada,

Wiki tatu nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nalitafuta faili la ng'ambo ya reli. Lilikuwa kwenye ghala la chini, kwenye boksi lililoandikwa "Mialiko". Nimelisoma mara mbili.

Mama mfua nguo hayumo humo. Hakuna mtu aliyeandika aliyoyasema, wala jina lake, wala kwamba alisimama. Fomu zao ndizo zimo. Tathmini ya kwanza walipata wastani wa nne nukta saba. Ya pili, nne nukta nane. Baada ya hapo kuna barua ya ukurasa mmoja ya kuwapongeza, na picha ya watu wanapokea funguo.

Sasa nakuandikia kile nilichokatazwa. Mkataba wa mpango huu una kifungu cha tisa. Kinasema ushirikiano wowote utakaopata wastani wa nne na nusu au zaidi katika tathmini mbili mfululizo utahesabiwa kuwa umekomaa, nao utakabidhiwa kwa jamii. Kukabidhiwa maana yake ni kwamba mikeka na vyuma vya kushikilia vinabaki kwenu, na wanafunzi wanakwenda kwingine. Wanaojaza fomu hawaambiwi, ili wasije wakageuza majibu.

Tathmini yenu iliyopita ilikuwa nne nukta tisa. Hii ni tano.

Wale wa ng'ambo ya reli hawakufungiwa kwa sababu ya malalamiko. Walifungiwa kwa sifa. Na nyinyi mko njia hiyohiyo, mmebakiza kikao cha Juni.

Mtathmini akishamwambia anayepimwa kifungu hicho, tathmini imeharibika, na yeye pia. Nalijua hilo. Barua hii nimeiwekea nakala na nitaipeleka ofisini mwenyewe Ijumaa.

Mtathmini

*

Jumatano, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote. Nimekaa nayo siku nzima, mashine imefunikwa.

La kwanza nikuulize. Ulilijua hili tarehe nne Machi, uliponiandikia. Ulilijua uliposema tano si salama. Ulilijua ulipokaa kwenye benchi letu la nyuma na watu wakakuletea maji. Leo ni tarehe ishirini na tisa Aprili. Ulikuwa unangoja nini? Ulifikiri mimi fundi nguo nitakisia kifungu cha tisa?

Nimeshakasirika, nimemaliza. Sasa nakuandikia nikiwa nimechoka tu.

Jumapili nilivuka reli nikaenda kwa yule mama. Miaka mitatu tumepishana sokoni nikiangalia upande mwingine. Si mimi peke yangu, mtaa mzima, na wa kwao pia. Watu waliacha kumpelekea nguo. Nilimkuta anakamua mashuka ya watu wa mbali. Nikamweleza yaliyomo kwenye faili, kwamba hakumfukuzia mtu gari. Akaendelea kukamua. Kisha akasema, "Sasa unataka nifanye nini, Mama Pindo? Nicheke?" Nikamsaidia kuanika, nikarudi.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Fundi Saa kila kitu. Aliniangalia akasema, "Kwa hiyo umewashika watu mkono mpaka mlango wa kutokea." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ulitaka tuseme kama tunavyosema nyumbani. Haya. Mwaka wa kwanza wanafunzi walimsimamisha, na hilo sitalikana mbele ya mtu. Kuanzia mwaka wa tatu hakuna kilichoongezeka. Si kwamba hawajui kazi. Wanakaa wiki kumi na mbili. Wiki nne za kwanza wanampima. Wiki mbili za mwisho wanaandika ripoti ya masomo yao. Katikati wanabaki na wiki sita, na humo kuna sikukuu na gari bovu. Wakiondoka wanaondoka na makaratasi yake yote, kwa sababu ni kazi yao ya mtihani. Anayekuja hakuti kitu. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kushika kijiko mwaka wa pili. Likaja kundi jipya likaanza na mguu, kwa sababu ndio waliofundishwa muhula ule. Kijiko kikaanguka na hakijarudi.

Nilikuwa nalijua hili miaka mitatu. Nikaandika tano.

Na bado nakwambia, wakiacha kuja nitakuwa na mtu wa kitandani. Wenzangu kumi na wanane wana watu wa namna hiyo. Tusaidie, au tuambie nani wa kumwona.

Mama Pindo

*

Jumatano, 20 Mei

Dada,

Una haki kuhusu tarehe. Sikuwa nangoja kitu. Nilizoea. Miaka kumi na tisa nimeandika ripoti ishirini na nne, na ninaweza kukutajia mbili tu zilizosomwa kupita ukurasa wa muhtasari. Mtu akifika hapo huona kanuni kama ukuta wa nyumba, haulizi nani aliujenga. Sikuandikii haya ili unihurumie. Umeuliza, nimejibu.

Habari ya kazi. Nilipeleka nakala ya barua yangu. Mkuu wa Ofisi ya Ushirikiano aliisoma mbele yangu, akaniuliza kama nilikuwa mgonjwa siku niliyoiandika. Mkataba wangu umesitishwa tangu tarehe kumi na moja. Hakuna fitina, nilivunja kifungu nilichotia saini.

Fomu zenu hawajaamua. Wapo wanaotaka zibaki, kwa hoja kwamba mlizijaza kabla sijasema lolote, kwa hiyo ni halali na ukumbi ukabidhiwe mwisho wa Juni kama ilivyopangwa. Wapo wanaosema tathmini nzima imechafuka, ianze upya. Mhadhiri wa wanafunzi yuko upande wa pili, ingawa hasemi kwa sauti. Wanafunzi wake wanahitaji wagonjwa wa kufanyia mtihani, na sijui kama hiyo ni sababu nzuri au mbaya. Itumieni.

Kamati itakaa Jumanne, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, jengo la utawala, ghorofa ya pili. Mko namba saba kwenye ajenda. Kanuni zao zinampa mwakilishi wa jamii dakika tano, na kwa miaka mitano hakuna aliyewahi kuziomba. Nimekuombea kabla sijakabidhi kitambulisho. Mlinzi atakuwa na jina lako.

Usianze kwa shukrani. Ukianza kwa shukrani watatabasamu, na dakika mbili zitakuwa zimekwenda. Anza na kumi na moja.

Mimi sitakuwemo ndani.

Aliyekuwa Mtathmini

*

Jumatano, 10 Juni

Mdogo wangu,

Makamu Mkuu wa chuo alisema jana saa sita na robo kwamba ukumbi hautakabidhiwa Juni hii. Nakupa hilo kwanza usije ukasoma barua yote na presha.

Mengine ni haya. Tulifika saa tatu na nusu, mimi na Fundi Saa. Nilimkataza, akasema, "Mgonjwa ni mimi, wewe utakwenda kusimulia nini?" Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi za ghorofa mbili kwa dakika ishirini na tano, mlinzi akimfuata nyuma mikono imefunguliwa kama anataka kudaka papai. Nikajua tumeshaharibu. Nikamnong'oneza, "Baba, ukiingia unatembea vizuri hivyo watasema umekomaa." Akasema, "Nishuke nianguke?"

Sikuanza kwa shukrani. Nilianza na kumi na moja kama ulivyoniambia. Nikaeleza wiki nne, wiki sita, wiki mbili. Nikaeleza kijiko. Nilipofika kwenye fomu sikuzunguka. Nikasema, "Zile tano niliwafundisha mimi, kwa woga, na mtu asimlaumu mwingine." Mjumbe mmoja mwenye miwani akasema, "Lakini mama, mliandika tano. Sisi tutawezaje kujua mnataka nini kama hamsemi?" Nikamwambia, "Mheshimiwa, ng'ambo ya reli kuna mama alisema. Mlimwandika wapi?" Mkuu wa Ofisi ya Ushirikiano akaanza kupekua makaratasi. Alipekua mpaka dakika zangu zikaisha.

Kisha yule wa miwani akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Kwa ukweli wako wa leo, ungetupa alama ngapi?" Mume wangu akajibu yeye. "Mguu nne. Mkono moja. Kuniuliza siku gani leo, nimewasamehe." Mhadhiri akacheka mpaka akajiziba mdomo, wengine wakamwangalia.

Tulingoja nje kwenye benchi. Makamu Mkuu alitoka mwenyewe kutuambia. Fomu zote za mara hii zimefutwa, ila ile nne nukta tisa ya nyuma inabaki. Wanafunzi wataendelea hadi mwisho wa Desemba. Tathmini inaanza upya na mtu mpya, na kifungu cha tisa kitasomwa kwa sauti kabla watu hawajajaza, kwa kuwa sasa kinajulikana, hakifichiki. Kukiondoa wamekataa. Nikauliza, je, tukipata alama za chini? Akasema alama za chini zina kifungu chake pia, cha kumi, wanaangalia kama fedha za chuo zinapotea bure. Nikamuuliza, sasa mtu aandike ngapi? Akasema, "Andikeni ukweli, mama." Alisema kwa upole. Naona na yeye amechoka.

Kuhusu makaratasi ya wagonjwa kubaki ukumbini, wamesema limepokelewa. Wewe unayajua haya, niambie "limepokelewa" linachukua muda gani. Mimi sijasubiri. Nimeshona mifuko kumi na tisa ya kitambaa kizito, kila mgonjwa na wake, na leo nimewasimamia wanafunzi mlangoni: hatoki mtu hapa mpaka anakili alichofanya, na nakala inabaki mfukoni. Mmoja akalalamika kwamba mhadhiri hajaagiza. Nikamwambia akamuulize mhadhiri, mimi nipo. Waliandika wote. Wa Fundi Saa aliandika nusu ukurasa, mambo ya kidole gumba, sikuyaelewa yote.

Watu wameniuliza kama nitawaita tena Jumapili tufanye mazoezi ya majibu. Nimekataa. Wengine wamenuna. Mmoja ameniambia, "Ulitufundisha kuogopa, sasa unatuacha." Nimemwalika mama mfua nguo aje asikilize siku ya kujaza upya. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Mimi mwenyewe bado sijui nitaandika namba gani. Nikiandika tano kwa sababu ya mguu, naona Jumatano zote bila wao. Nikiandika moja kwa sababu ya mkono, ni hivyohivyo. Mume wangu anasema nisimuulize yeye, ana fomu yake.

Kujaza ni Jumatano, tarehe 2 Septemba, saa tatu asubuhi, hapa ukumbini. Kila mtu meza yake, na mimi nitakaa ya mwisho.

Mama Pindo